Dova, Magunzi na Baridi ya Kitale

Katika nyumba kadhaa za mashamba ya zamani kandokando ya Kitale, jikoni mna dude la chuma jeusi, zito, lenye miguu mifupi, milango mitatu au minne, na bomba linalotokea juu ya mabati. Watu hulijua kama Dova, hata pale chapa iliyosubiwa mlangoni ni nyingine. Majiko ya aina hii yalibuniwa kule ambako makaa ya mawe yalikuwa ndiyo moto wa kila siku. Huku kwetu yaliyaonja kwa nadra, kama yaliyaonja kabisa.

Sababu yake haina fumbo. Kenya haijawahi kuchimba makaa ya mawe kibiashara. Yaliyogunduliwa bonde la Mui, Kitui, yangali ardhini, na mtambo wa umeme uliokusudiwa kuchoma makaa ya mawe Lamu ulikwama Juni 2019 leseni yake ya mazingira ilipofutwa. Yale yanayochomwa na viwanda vya saruji huletwa kwa meli. Hata injini za Reli ya Uganda zilikula kuni kwa miaka mingi, na mikaratusi ikapandwa kando ya njia ili zisikose cha kula. Tawi la reli kutoka Leseru lilipofika Kitale mwaka 1926, mabehewa yalileta vyuma na kuondoka na mahindi. Nani angesafirisha makaa ya mawe zaidi ya kilomita 800 kutoka Kilindini ili achemshe chai, na miti imejaa hadi kwenye miteremko ya Elgon?

Basi jiko lilibuniwa kwa kitu kimoja, likaishi kwa kingine. Na bado, Julai mvua ikinyesha tangu alasiri na usiku kushuka hadi nyuzi 11 au 12, nyumba yenye Dova lililowashwa vizuri inakalika, na nyumba ya jirani yenye jiko la makaa ya miti sakafuni ina hatari hata kama ina joto. Makala hii inachambua jinsi mabadiliko hayo yalivyofanywa, maana mafundi wa huku walifanya mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha maelekezo cha Mwingereza.

Tuanze na moto wenyewe. Makaa ya mawe ni mazito na hayana haraka. Kilo moja ina megajuli 25 hadi 30, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo kwenye kaa lenyewe. Gesi inayotoka yakipata joto ni kidogo. Ndiyo maana jiko lake lina tumbo dogo lenye kina, wavu wa chuma chini, na kilango cha hewa chini ya wavu. Hewa inapanda kupitia makaa na kaa linawaka palepale lilipo. Majivu yakijaa kwenye wavu moto unazimika, kwa hiyo kuna mkono wa kuutikisa.

Kuni ni kinyume chake. Zikikauka vizuri zina megajuli 15 hivi kwa kilo, lakini robo tatu ya uzito wake au zaidi hugeuka gesi kabla haijabaki kaa. Mwali mrefu unaouona ni gesi hiyo inayowaka juu ya kuni, nayo inahitaji hewa juu, mahali pale pale ilipo. Ukiziweka kuni kwenye jiko la makaa ya mawe na kufungua kilango cha chini tu, unapata mambo mawili mabaya kwa pamoja: kaa linateketea upesi kwa sababu hewa ya chini ni nyingi mno, na gesi inapanda dohanini bila kuwaka kwa sababu hewa ya juu haitoshi. Gesi hiyo ikikutana na bomba baridi inaganda na kuwa lami nyeusi yenye kunata. Siku moja lami hiyo itashika moto ndani ya bomba, chini ya mbao za paa.

Dawa ilikuwa kulifundisha jiko kupumua juu. Chukua nyumba moja iliyo upande wa Endebess, ya mawe, yenye jiko lililokuwapo kabla ya uhuru na ambalo mwenye nyumba wa sasa, mwalimu mstaafu, hulitumia kila jioni ya msimu wa mvua. Ukifungua mlango wa tumbo la jiko unakuta fundi ameweka bamba la chuma juu ya wavu, likifunika kama theluthi mbili zake. Hapo hewa ya chini imepunguzwa. Juu ya bamba pamelala majivu ya unene wa vidole viwili, na hayazolewi yote, kwa kuwa kuni hupenda kulalia majivu ya moto na kaa lake hudumu hadi asubuhi. Kwenye mlango wa juu fundi ametoboa matundu sita na kuyawekea kibati cha kuzungushwa. Kibati kikifunguliwa nusu, moshi unaoelekea nyuma unashika moto, na kupitia matundu unaona mwali ukigeuka kutoka wekundu wenye masizi hadi rangi ya chungwa isiyo na moshi.

Mara ya kwanza fundi alitaka kuziba pia nafasi ya nyuma ya oveni kwa udongo, akidhani ni ufa. Mwenye jiko akamzuia: “Hapo usizibe, fundi, ndipo jiko linapozungushia moshi.” Alikuwa sahihi. Majiko haya yana njia mbili za moshi. Ya kwanza inakwenda moja kwa moja kwenye dohani, na ya pili inapita juu ya oveni, ikashuka ubavuni, ikapita chini yake, ndipo ikatoka. Kuna kibao cha chuma cha kuvutwa kinachochagua njia. Unapowasha, fungua njia fupi. Dohani ikishapata moto ukaona mwali unavutwa kwa nguvu, ifunge, ili moshi uzunguke na kukiachia chuma joto lake kabla ya kwenda zake. Anayeifunga mapema hujaza moshi jikoni na kulilaumu jiko. Nadhani majiko mengi yaliyouzwa kama chuma chakavu yaliponzwa na kibao hiki, baada ya wale waliojua kukitumia kuondoka bila kumfundisha mtu.

Sasa magunzi. Hapa ndipo Kitale inapokuwa na habari yake yenyewe. Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara ya H611 ikatoka katika utafiti uliofanyika hapo hapo mjini. Tangu hapo Trans Nzoia imekuwa ghala la mahindi la nchi, na kila mahindi yakipukuchuliwa magunzi yanabaki. Gunia la kilo 90 la punje huacha kilo 15 hadi 20 za magunzi. Kwa kuwa Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, mkulima amekwisha kuyaanika. Magunzi nayo yamekauka katika anika hiyo hiyo bila gharama ya ziada. Kuni za namna hiyo ungezingoja miezi sita.

Kilo kwa kilo, gunzi lina joto linalokaribiana na la ukuni mkavu, kama megajuli 16. Shida yake ni wepesi. Debe la lita 20 la makaa ya mawe lina kilo 16 hivi, debe hilo hilo la magunzi halifiki kilo nne. Kwa hesabu hiyo, tumbo la jiko lililotosha kupasha nyumba usiku kucha kwa makaa ya mawe linabeba sehemu moja tu ya nane ya joto likijazwa magunzi. Hakuna fundi anayeweza kuliondoa hilo. Kinachohitajika ni mtu, au mtoto mwenye kitabu chake mezani, wa kuongeza magunzi kila baada ya robo saa.

Tena yasijazwe yote kwa mkupuo. Magunzi mengi juu ya kaa jekundu hutoa gesi nyingi ghafla. Ikikosa mwali hujikusanya, halafu ikashika moto kwa mshindo unaoinua vifuniko vya juu na kurusha majivu. Wazoefu huanza na vipande viwili vya ukuni mgumu, kisha huyapanga magunzi upande mmoja wa tumbo ili upande wa pili ubaki na mwali ulio wazi wa kuiwasha gesi hiyo. Jambo la pili ni majivu yenyewe. Majivu ya magunzi yana potasiamu nyingi, na moto ukiwa mkali mno huyeyuka na kuganda kama kioo cheusi kwenye wavu. Ukikuta donge hilo, punguza hewa ya chini, maana hapo jiko linawaka kupita kiasi.

Hesabu ya msimu ni hii. Jiko la kadiri linachoma kilo moja na nusu kwa saa. Ekari iliyotoa magunia 20 inaacha kama kilo 350 za magunzi, ambazo kwa saa nne kila jioni zinafikisha karibu miezi miwili. Ekari moja na nusu, basi, inaivusha nyumba Juni, Julai na Agosti. Mkulima wa ekari kumi anayenunua makaa ya gunia ili aote moto, huku magunzi yake yakioza mvuani nyuma ya ghala, mimi simwelewi.

Kwa kuni kalenda ni muhimu kuliko aina ya mti. Ukuni mbichi ni maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yachemke yatoke kabla ukuni haujatoa joto la maana. Kilo ya ukuni mbichi inakupa karibu nusu tu ya joto la kilo ya mkavu, na lami juu yake. Kiangazi cha Kitale ni Desemba hadi Machi. Mkaratusi uliokatwa Novemba, ukapasuliwa mara moja na kupangwa chini ya mabati yaliyo wazi pande zote, mwezi wa Juni unawaka vizuri. Uliokatwa Mei haufai hadi mwaka unaofuata. Kupasua ni lazima: gome la mkaratusi hushika maji, na gogo zima la unene wa paja linaweza kukaa mwaka mzima likiwa bichi katikati.

Kisha kuna suala la mwinuko, ambalo wabunifu wa majiko haya hawakulifikiria. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani. Dohani huvuta kwa sababu hewa ya moto ndani yake ni nyepesi kuliko ya nje. Hewa ya nje ikiwa nyepesi tangu mwanzo, tofauti inapungua. Bomba la mita tano lenye moshi wa nyuzi 200, usiku wa nyuzi 12, lingevuta kwa paskali 24 hivi Mombasa, kama Mombasa ingekuwa na usiku kama huo. Kitale linavuta kwa 19. Na kila lita ya hewa inayovutwa ina oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana nyumba za zamani zilizojengwa na watu wenye akili zina dohani ndefu kuliko inavyoonekana lazima. Anayeirefusha kwa mita moja na nusu anarudisha karibu kila kilichopotea. Ipite pia kilele cha paa kwa sentimita 60 au zaidi, la sivyo upepo ukivuka paa utausukuma moshi chini.

Sehemu ya bomba iliyo ndani ya chumba iache tupu, kwani inapasha chumba. Iliyo nje ivalishwe: bomba pana zaidi kwa nje, na katikati majivu makavu au udongo uliokauka, ili moshi usipoe kabla ya kutoka. Panapotoboa paa, mbao ziwe mbali na bomba sentimita 45, na nafasi hiyo izibwe kwa bati, kamwe si kwa mbao wala gunia.

Mwinuko huo una faida moja ambayo sijaiona ikitajwa. Kitale maji huchemka yakifika nyuzi 93 au 94. Maharagwe yanachelewa kuiva, githeri inachelewa zaidi, na moto lazima ukae muda mrefu. Kwa hiyo katika nyumba hizi joto la chumba halikuwa kazi ya kwanza ya jiko. Lilikuja nyuma ya sufuria. Chuma kizito kilichopikia maharagwe kuanzia saa tisa alasiri huwa kimejaa joto jua likizama, na kinaendelea kulitoa saa mbili au tatu baada ya mwali kufa. Jiko lililowashwa saa mbili za usiku kwa ajili ya kuota tu halifanyi hivyo. Linatumia saa nzima kujipasha lenyewe, na watu wanakwenda kulala.

Joto hilo linakwenda wapi? Juu. Chumba cha mita nne kwa tano chini ya mabati matupu hupoteza karibu wati 1,400 kupitia paa peke yake, ndani kukiwa na nyuzi 10 zaidi ya nje. Jiko linalochoma kilo moja na nusu kwa saa huzalisha kama wati 6,000, na joto linalokifikia chumba ni nusu hivi jiko likiwa zima, chini ya hapo likiwa na nyufa. Kuta na madirisha havijadai fungu lao, na nusu ya ulichopata imepaa. Weka dari, hata ya mbao nyembamba au mikeka iliyopakwa chokaa, na upotevu wa paani unapungua kwa zaidi ya nusu. Wenye nyumba wengi hununua kuni zaidi kabla ya kununua dari. Ningeanza na dari.

Wapo wanaouliza kwa nini wasichome makaa ya kawaida ndani ya Dova, kwa kuwa ndiyo yanayofanana zaidi na ya mawe. Kitaalamu wako sahihi: makaa ya miti hayana gesi nyingi, yana megajuli karibu 29 kwa kilo, na yanapenda hewa ya chini. Toa bamba, tikisa wavu, na jiko linarudi katika asili yake. Pingamizi liko tanuruni. Tanuru la udongo hugeuza kilo 100 za kuni kuwa kilo 10 hadi 20 za makaa, na asilimia 60 hadi 80 ya joto hupotea porini. Eldoret, kampuni ya EATEC ilipobandua magome ya miwati kwa ajili ya kusindikia ngozi, magogo yalibaki na kuyageuza makaa kulikuwa na mantiki. Leo hakuna ziada ya namna hiyo, na baada ya marufuku ya Februari 2018 ya kukata miti katika misitu ya umma, kila mnunuzi aliona bei ya gunia ilikokwenda.

La hatari zaidi ni makaa nje ya Dova. Jiko la makaa lisilotoa moshi huingizwa chumba cha kulala, dirisha linafungwa, mlango unafungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, hushikana na damu kwa nguvu mara 200 na ushei kuliko oksijeni, na mtu aliyeivuta akipelekwa kwenye hewa safi bado huchukua saa nne au tano damu yake kuiondoa nusu tu. Habari za familia zilizokutwa zimekufa asubuhi hurudi kila msimu wa baridi. Chuma kizito na oveni ya Dova ni starehe, ila dohani yake ndiyo inayomwezesha mtu kulala na moto ndani.

Ukishuka Bungoma hesabu nzima inabadilika. Mji uko mita 1,400 hivi, usiku wake una joto zaidi kwa nyuzi tatu au nne, na nyumba haihitaji kupashwa. Kule fedha ya chuma na bomba ingetumika vizuri zaidi kwenye jiko kisasa, lile la kauri linalojengewa udongo, ambalo lilienezwa tangu miaka ya 1980 na Maendeleo ya Wanawake wakishirikiana na Wajerumani wa GTZ. Linapunguza kuni, ingawa kwa kawaida halina dohani, na moshi wake humpata mama machoni. Panda hata hivyo hadi Kaptama au Kapsokwony, kaunti ile ile ya Bungoma, na baridi inarudi. Huko, kama kwingineko kwa Wakalenjin, kuna chepkube, jiko kubwa la udongo lenye nafasi ya vifaranga chini ya moto. Wabunifu wake hawakusoma hesabu za wati, lakini kuku wao wanaotesha manyoya katika joto ambalo Dova lingelitupa sakafuni.

Anayetaka kununua Dova leo atalipata kwa wauza vyuma chakavu, au kwenye nyumba inayobomolewa. Aende na tochi, kiberiti na karatasi. Bana karatasi kwenye mlango kisha ivute: ikitoka bila kukwama pande zote, mlango umepinda au kamba yake imekwisha. Kamba nyeupe ya zamani ichukuliwe kuwa asbestosi. Asiikwangue ikiwa kavu. Agonge mabamba kwa funguo asikie kama yanalia wazi au yanakoroma, kwa sababu chuma cha kusubu kilichomwagiwa maji baridi kikiwa moto hupasuka ufa mwembamba usioonekana chini ya masizi. Ufa wa bamba la juu unavumilika, na nyufa za viungo huzibwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu na chumvi kidogo, kazi ya kurudiwa kila mwaka. Ufa wa bamba la nyuma ya tumbo la moto hauzibiki. Jiko hilo aliache liende kwenye mzani.